Nguo Ndiyo Itakayosema

Tangu alipooa, Kasereka hakuwahi kufunga mkanda, na sababu yake aliitangaza kwa kila mwenye masikio: mwanamume aliyeoa fundi cherehani akifunga mkanda, amemtukana mkewe. Suruali iliyoshonwa na Marlène inakaa yenyewe! Aliyasema hayo sokoni Owino mbele ya meza yake ya vitenge, akayasema kanisani, akamwambia hata askari wa barabarani aliyemsimamisha kwa mambo mengine kabisa. Sifa hizo zilimrudia Marlène kupitia wateja wa kibanda chake cha ushonaji pale Kansanga, naye alikuwa akitabasamu na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Maskini wa Mungu, hakujua sifa zile zingekuja kumtoa jasho.

Mambo yalianza na Esperance, binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na minne. Daktari aliyekuja kupima watoto shuleni alisema uzito wa msichana umeuacha urefu wake nyuma, akampa barua ya kumpeleka kwenye klabu moja ya kupunguza uzito ya kliniki kule Ntinda, inayokutana Jumamosi asubuhi. Sharti la klabu lilikuwa moja: mtoto haji peke yake. Inakuja nyumba nzima, na nyumba nzima inapanda mizani.

“Mimi nina shida gani?” Kasereka aliuliza, mikono yote miwili ikiwa imelala juu ya tumbo lake, nalo tumbo likiwa limelala juu ya mapaja. “Hapa mgonjwa ni nani?”

“Hakuna mgonjwa hapa, ssebo. Panda,” alisema Akwero.

Huyu Akwero ndiye aliyekuwa mkuu wa klabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyezaliwa na kukulia kambini kwa sababu baba yake alikuwa afande, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule kambini: hakikuwa na “tafadhali” hata moja. Kasereka akapanda. Mizani ikasema yake. Kasereka akashuka, akaitazama mizani kwa chini, akaigonga kwa kiatu, akatamka kwamba yeye ni mfanyabiashara wa Owino, anazijua mizani zilizochezewa, na hii imechezewa.

“Mizani yangu hapana cheza na mtu,” Akwero alijibu. “Sasa sikia, nyote. Mmepima leo. Mtapima tena muhula ukiisha. Hapa katikati, sitaki mtu anapima huyu mtoto kila siku kama gunia ya mahindi. Mtatembea pamoja, mtakula mboga, soda mtaacha. Mkitaka kujua mnaendaje, muangalie nguo.”

Kumbe hapo ndipo alipoharibu, bila kukusudia. Kumwambia Kasereka aamini nguo, katika nyumba ambayo nguo zote zinatoka kwenye cherehani moja!

“Umesikia?” Kasereka alisema wakiwa njiani kurudi. “Nguo ndiyo itakayosema. Kila Jumapili kabla ya kanisa, Espe atavaa ile sketi yake ya buluu, mimi nitavaa suruali yangu ya kijivu, tuone. Na muhula ukiisha nguo haijasema kitu, mtoto anaenda bweni. Kuna shule moja huko njia ya Hoima, wanakula posho ya mahindi na maharage, maharage na posho. Atapungua, apende asipende.”

Esperance aliyekuwa akitembea mbele yao hakugeuka. Marlène ndiye aliyeshtuka. Mtoto huyu ni yeye aliyembeba mgongoni wakikimbia vita kutoka Beni mpaka mpakani, akiwa mzito hata wakati ule, akimlilia maji njia nzima. Hakumbeba umbali wote ule ili leo akamwache kwenye geti la shule na godoro lake. Bweni! Nani angemsuka? Nani angemchekesha yeye Marlène jioni kwa kuwaiga wateja wake wanaogombana juu ya bei? Alitaka kumwambia mumewe ameze maneno yake, lakini Kasereka akishatamka jambo hadharani huling’ang’ania kama kupe. Kwa hiyo Marlène akanyamaza, akaanza kuomba kimoyomoyo sketi ilegee.

Sketi haikulegea. Jumapili ya kwanza Esperance alivuta zipu mpaka uso ukaiva, na Kasereka akamzunguka mtoto taratibu kama mtu wa forodha anayekagua lori.

“Bado,” akasema. “Bado kabisa. Hoima inamuita.”

Esperance akaangalia sakafu. Hakusema neno kutwa nzima, na mtoto yule kunyamaza kutwa si jambo la kawaida.

Jumatatu mchana, kibanda kikiwa hakina mteja, Marlène aliitoa sketi ya buluu kwenye mfuko alimokuwa ameificha. Sasa, nguo ya mtoto anayekua haishonwi kama ya mtu mzima. Fundi mwenye akili humwachia kitambaa ndani ya mshono, kulia na kushoto, ili mtoto akinenepa au akirefuka unafumua kidogo, unashona upya, mwaka unapita. Ndani ya sketi ile Marlène alikuwa ameacha akiba ya miaka mitatu. Akafumua upana wa kidole. Akashona. Akapiga pasi mpaka alama ya uzi wa zamani ikapotea, akajiambia kwamba huu si uongo, huu ni ufundi.

Jumapili iliyofuata zipu ilipanda yenyewe.

“Mama!” Esperance alipiga kelele. “Mama, njoo uone! Inazunguka!” Na kweli aliigeuza sketi kiunoni, zipu ikaja mbele, ikarudi nyuma, huku akicheka mpaka majirani wakachungulia. Marlène akacheka naye. Alifurahi hasa, na papo hapo aibu ikamshika, akajifanya anatafuta pini.

Lakini ukiziba huku, kule kunavuja. Suruali ya kijivu ilikataa kufunga kifungo.

“Kwa hiyo mtoto amenishinda?” Kasereka alinuna. “Mimi niko ninaacha soda, halafu anayepungua ni mwingine?” Soda hakuacha, alikuwa anainywea Owino nyuma ya marobota ya vitenge ambako alidhani Mungu haoni. “Basi hiyo ni klabu ya watoto. Mimi sirudi kule. Akitoka pale ni bweni moja kwa moja, tuache kupoteza Jumamosi zetu.”

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kasereka asipokwenda, klabu inawafuta, maana sharti ni nyumba nzima. Marlène aliichukua suruali ya kijivu, akaipeleka kibandani, akafumua kiuno nyuma katikati, akaongeza. Jumapili ya tatu Kasereka alivaa, akafunga kifungo kwa vidole viwili, akabaki amesimama mdomo wazi.

“Mama Espe,” alinong’ona. “Nimepungua.”

“Naona,” alisema Marlène, akiangalia pembeni.

Loo! Tangu siku hiyo hakukukalika. Kasereka akageuka mtume wa kupungua. Owino akawa anawashika wenzake matumbo bila ruhusa na kuwauliza kama wanajua wanakokwenda. Wateja waliokuja kununua kitenge walirudi na mawaidha juu ya mafuta. Na kwa kuwa sasa alikuwa amepungua, aliona hakuna haja tena ya kutembea jioni, akamwacha Esperance atembee na mama yake, yeye akabaki kibarazani akiwapungia mkono. Na kwa kuwa alikuwa amepungua, akaona pia si vibaya kujipongeza kwa roleksi, zile chapati za njiani zilizoviringishwa na mayai, kwanza moja, baadaye mbili, akieleza kwamba mwili wake siku hizi unachoma.

Mwili haukuwa unachoma kitu. Aliyekuwa anaungua ni Marlène. Kila wiki tumbo la mumewe lilisogea mbele, na kila wiki ilibidi suruali ikimbie mbele ya tumbo. Akiba ya kitambaa ikaisha. Akaanza kutia kipande cha pembetatu nyuma, cha rangi inayofanana, kilichofichwa chini ya koti. Sketi ya Esperance nayo ikala mwaka wa kwanza, ikala wa pili, ikaanza kula wa tatu. Usiku Marlène alikuwa analala akijiuliza kitambaa kikiisha na muhula haujaisha atashona nini, ngozi yake mwenyewe?

Jambo moja tu lilimpa moyo. Esperance alikuwa amerudi kuwa Esperance. Walipokuwa wakitembea jioni kupanda mlima ule wa nyuma ya Kansanga, mtoto alikuwa anatangulia, anaimba, anamgeukia mama yake na kumwambia, “Wewe mzee, kaza mwendo!” Marlène akihema nyuma alikuwa anajisemea kwamba akikamatwa, na akamatwe, lakini angalau mtoto wake anacheka na yuko nyumbani.

Akakamatwa, tena mbele ya kanisa zima.

Kasereka alikuwa amemwomba mchungaji Mushagalusa nafasi ya kutoa ushuhuda, na mchungaji, ambaye hajui kukataa, akampa Jumapili. Kana kwamba hiyo haitoshi, Kasereka akamwalika Akwero aje awe mgeni wa heshima. Ijumaa Marlène alikaa na suruali ya kijivu mapajani akiwaza. Mumewe atasimama mbele ya watu. Kifungo kikiruka siku hiyo, yote yatajulikana. Kwa hiyo, kwa woga, alitia kipande kipana kuliko vyote, upana wa kiganja kizima, mwanamume apate kushuhudia kwa raha. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Fundi mwenye woga ni hatari kuliko fundi mlevi.

Kanisa lao liko juu ya duka la misumari na mabati, na Jumapili ile lilijaa mpaka ngazini. Sadaka kwao haitolewi kwa kukaa; watu huinuka mstari kwa mstari, wanacheza mpaka kwenye kikapu, wanacheza kurudi. Kasereka alicheza kuliko wote. Kwenda alikwenda vizuri, tumbo limeishika suruali barabara. Alipofika mbele akageuka, akapewa kipaza sauti, na ngoma zikatulia.

“Wapendwa!” alisema. “Mlinijua nilivyokuwa! Wengine mlinicheka! Leo mke wangu ni shahidi, suruali yangu ni shahidi. Huyu hapa afande Akwero alisema tuangalie nguo. Basi nawaambia, tumbo limekwenda! Angalieni wenyewe!”

Akafungua koti, akavuta pumzi, akalirudisha tumbo lote ndani ili waumini waone.

Suruali ikaanguka. Haikuteleza kwa adabu. Ilishuka yote kwa mara moja mpaka viatuni, na mtoa ushuhuda wetu akabaki amesimama na koti, tai, kipaza sauti, na bukta ambayo Marlène aliwahi kumshonea kwa mabaki ya yunifomu ya kina mama wa kwaya: kitenge cha kijani chenye picha za kuku na vifaranga.

Macho yote yakashuka kwa wale kuku.

“Hiyo si yunifomu yetu?” akauliza mama mmoja wa kwaya.

Ndipo Akwero akainuka kwenye kiti cha mgeni wa heshima, na sauti ya kambini ikajaza jengo: “Kanisa! Nyuma, geuka!”

Na kanisa zima likageuka. Wazee, watoto, wapiga ngoma, mchungaji Mushagalusa na Biblia yake, wote walitazama ukuta wa nyuma bila kuuliza swali. Kasereka akaipandisha suruali, akaikamata kiunoni kwa mikono miwili, akatoka kwa mlango wa pembeni. Marlène akamfuata. Nyuma yao kicheko kikapasuka, na ilibidi mchungaji aanzishe wimbo ili kukizima.

Walisimama kwenye ngazi za nyuma, karibu na jenereta. Kasereka alikuwa ameupindua ukingo wa suruali na kuona: mistari ya sindano, mmoja baada ya mwingine, na kile kipande cha pembetatu. Akwero alikuwa amekwisha kufika. Na mlangoni alikuwa amesimama Esperance, ameukunja ukingo wa sketi yake ya buluu, akiuangalia mshono wa ndani.

“Na mimi pia,” alisema taratibu.

Marlène alitamani ardhi ipasuke immeze. “Espe, mwanangu...”

“Marlène, hii ni nini?” Kasereka alinguruma. Yeye ni mtu wa kuongea kwa mikono, na kila neno lilitaka mkono mmoja utoke. Ukitoka, suruali inashuka upande, anaidaka. “Umenifanya mimi kichekesho! Mbele ya mchungaji! Mbele ya kwaya!”

“Ulisema utampeleka bweni!”

“Nilikuwa ninamtisha tu, atembee!”

“Basi mimi ndiye nilitishika!”

“Sikukutisha weye!”

“Ungeniambia ni nani alikuwa anatishwa!” Marlène alianza kulia, na hasira yake ikatoka pamoja na machozi. “Kila Jumapili Hoima, Hoima! Mimi niko na mtoto mmoja. Awe mnene, awe mwembamba, mimi namtaka nyumbani. Nimedanganya, ndiyo. Ningefumua hata mapazia!”

Kasereka akaikaza suruali kiunoni. Lakini Esperance hakuwa anamwangalia baba yake. Alikuwa anamwangalia mama.

“Mama, mimi niliamini,” alisema. “Nilikuwa ninapanda ule mlima ninajiambia, ona, inawezekana. Kumbe weye ulikuwa umekwisha kuona siwezi.”

Maneno yale yalimwingia Marlène kuliko aibu yote ya kanisani, kwa sababu yalikuwa na kweli ndani yake. Alikuwa amemhurumia mtoto tangu mwanzo, na kumbe huruma ile ilikuwa imemkatia tamaa kimyakimya.

“Nisamehe,” alisema mwishowe. “Niliogopa. Sikufikiri zaidi ya pale.”

Akwero alikohoa. “Banange, nyinyi watu mnaongea sana. Baba anasema, mama anasema, suruali inasema.” Akamgeukia msichana, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. “Esperance. Wewe unataka nini? Sema, hapa hakuna mtu anakata maneno.”

Esperance alifikiri. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Alionekana kama anakagua kwanza kama swali ni lake.

“Kutembea napenda,” alisema. “Nitatembea hata sketi ikibana. Klabuni pia nataka kurudi. Lakini nataka tule. Tule tu, kama watu. Tangu haya yaanze, nikinyoosha mkono kwenye bugali, macho ya Papa na macho ya Mama yanausindikiza, yanakwenda nao, yanarudi nao. Tonge linanikwama hapa. Nataka mkono wangu usiangaliwe. Na bweni sitaki.”

Kasereka, kama afanyavyo mwanamume wa kwao anapoapa, aliinua mikono yote miwili juu.

“Mbele ya Mungu,” alisema, na suruali ikaanguka. Marlène akapiga ukelele. Esperance akaziba mdomo. Lakini Kasereka hakuinama. Alibaki vile vile, mikono juu, kuku na vifaranga hadharani, jenereta likinguruma na mwuza misumari akikodoa macho kutoka chini uani. “Mbele ya Mungu, na mbele ya afande huyu, mwanangu haendi bweni. Sikupaswa kulisema neno lile hata kwa kutisha. Na jioni nitapanda mlima pamoja nanyi, na soda ya Owino naacha, maana ninajua mlijua. Amina.”

“Amina,” alisema Akwero. “Sasa vaa.”

Mchana walikula nyumbani. Marlène aliweka bugali katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni, na samaki mmoja wa kukaanga, kisha wakakaa watatu kama kawaida kuizunguka sahani. Kasereka, sasa akiwa amejifunga kitenge kiunoni, aliinua macho akayaelekeza darini, akayaacha huko huko. Alimega tonge bila kuangalia, akalichovya, akalitia mdomoni, akagundua amelichovya kwenye glasi ya maji. Akatafuna hivyo hivyo bila kulalamika. Marlène yeye aliyakaza macho yake dirishani. Ng’ambo jirani alidhani anaangaliwa, akapunga mkono, Marlène akapunga. Jirani akapunga tena. Marlène naye tena, shingo imeanza kumuuma, masikio yakisikiliza kama kuna mtu anakula.

Akasikia kicheko. Kilianza puani, kikajaribu kuzuiwa, kikashindwa.

“Mama,” alisema Esperance.

“Eeh,” alijibu Marlène, akilikodolea dirisha.

“Uso wangu unaweza kuuangalia. Nilisema mkono.”

Marlène akageuka. Mtoto alikuwa amejaza mashavu, ana sombe kwenye kidevu, machozi ya kucheka yanamtoka, na mkono wake uko mahali fulani ambapo mama yake hakupatazama. Marlène alimwangalia, akamwangalia, mpaka bugali yake ikapoa.